Aliyeagwa Mara Tatu na Hajapokelewa: Risala ya Wanufaika wa Mfuko wa Majani Mabichi

Imesomwa mbele ya Mama Elmina Sagini, Mwenyekiti wa Bodi ya Mfuko, katika kituo cha kununulia majani ya chai cha Tebeswet, Bomet

Mgeni rasmi, Mama Elmina Sagini;
Wanabodi mlioandamana naye;
Chifu wetu pamoja na wazee wa vijiji;
Mwalimu mkuu na walimu wa Shule ya Msingi ya Tebeswet;
Wazazi, wakulima, wachuma majani, na nyinyi wengine mliokuja kwa sababu mmeona moshi wa jikoni:

Chamgei. Bwakire buya. Habari zenu nyote.

KARIBU TEBESWET

Mama, kabla ya yote, pole kwa barabara. Wale waliosukuma gari lako pale chini kwenye daraja ni wahitimu wawili wa diploma na mmoja wa digrii, wote wamesomeshwa na Mfuko. Tunakuomba usiseme kwamba elimu haijawasaidia. Gari lilitoka.

Tumekuketisha ndani ya kibanda cha kupimia majani kwa sababu hema lililoagizwa halijafika, na pia kwa sababu ni hapa Mfuko ulipozaliwa. Hiyo mizani inayoning'inia juu ya kichwa chako ni salama, tumeifunga. Lori la kiwanda likitokea kabla hatujamaliza, tutakuomba ruhusa tusimame kidogo, magunia yapakiwe, kisha tuendelee. Majani yakishachumwa hayasikilizi risala.

Anayesoma anaitwa Vinny Mochama, katibu wa kikundi. Alichaguliwa kwa sababu ana sauti kubwa na hana haya. Sauti alizaliwa nayo kule kwenye nyumba za wafanyakazi wa mashamba makubwa, ambako mama yake alichuma chai mpaka mashine zikaja. Kutokuwa na haya alijifunza alipofukuzwa chuo mara mbili kwa ajili ya karo, kabla Mfuko haujamwokota. Msimwonee huruma. Sasa amenona.

Lakini risala hii haikuandikwa na mtu mmoja. Tuliiandika sote, tukabishana sote, na tukanyimana chai kwa ajili yake. Mahali utakaposikia inajipinga yenyewe, Mama, ujue hapo ndipo tulipopiga kura na kura zikalingana.

TULIKOTOKA

Wewe unaijua historia hii, lakini vijana wetu wanadhani Mfuko uliletwa na wazungu pamoja na kompyuta. Haukuletwa. Ulianzia hapa kwenye foleni ya kupimia majani, siku ya mvua, lori lilipochelewa na wakulima wakakosa la kufanya ila kulaumiana. Mzee Aron Kiplimo, yule pale mwenye kofia ya kahawia, alisimama akasema kila nyumba iweke kando kikapu kimoja kila mwezi, kwa ajili ya kusomesha mtoto yeyote, wa yeyote. Wenzake walicheka. Mmoja alimuuliza, "Wa yeyote? Hata wa hao Wakisii wa kule kwa kampuni?" Mzee Aron akajibu, "Kwani wao wanachuma majani ya rangi gani?"

Basi ikawa hivyo. Mtoto wa mwenye shamba na mtoto wa kibarua wakawekwa foleni moja, na wakaanza kutaniana siku hiyohiyo. Baadaye walijiunga marafiki wa mbali, makanisa na shule za nchi za nje, na ndipo Bodi ikatunga utaratibu ambao sisi sote tunaujua hata tukiwa usingizini: chuo, ng'ambo, nyumbani. Unasoma chuo. Ukimaliza, unakwenda kufundisha nje ya nchi ili uone dunia nayo ikuone. Ukirudi, unahudumia jamii kwa muda, na Mfuko unakupa baraka zake uendelee na maisha yako.

Ni utaratibu mzuri. Tunasema hivyo mapema kwa sababu huko mbele tutaulalamikia.

TULIYOFANYA

Ogeto alisomea uuguzi, akaenda Malawi kufundisha huduma ya kwanza mashuleni, na sasa anahudumu upande wa Longisa. Akina mama wanamwita Daktari. Tumemwambia awasahihishe, anasema atawasahihisha akipata nafasi.

Velma Osoro alifundisha Thailand miaka miwili. Leo ana darasa la kusoma na kuandika kule Ndanai, kwa wanawake wanaouza mboga sokoni. Wanafunzi wake wana umri wa mama yake na wanamtuma maji. Siku aliporudi kutoka Thailand tulimpokea hapa Tebeswet, na tunaomba tukueleze jinsi tulivyompokea, maana bila hilo hutaelewa kinachotusumbua.

Huku kwetu, Mama, mtu anayekwenda mbali huagwa kwa maziwa. Wanawake wa nyumbani kwao humshikia kibuyu cha mursik, maziwa yetu yaliyochachuka, naye hunywa, na husemeshwa maneno ya kumtuma: nenda, pita salama, ufike. Na anayerudi haingii tu nyumbani kama mtu aliyetoka dukani. Anasimama langoni. Waliomtuma wanatoka, wanamvisha shingoni sinendet, ule mmea mtambaazi wa baraka, wanamwekea kibuyu mdomoni, wanaimba, wanamshika mkono, wanamwingiza. Hapo ndipo anahesabiwa amefika. Kabla ya hapo, hata kama unamwona kwa macho yako amesimama na sanduku, watu watakwambia yuko njiani.

Velma ni wa Kisii, hakuwahi kuonja mursik. Alifunga macho akanywa, akasema, "Tamu sana." Uso wake ulisema mengine. Lakini tangu dakika ile hakuna aliyemwita mgeni.

TUNAPOCHANGANYIKIWA

Wenzetu wakiandika risala, sehemu hii huiita Changamoto. Tulijaribu. Tukagundua kwamba changamoto ni jambo unalolijua, unakosa tu njia ya kulivuka. Sisi hatulijui hata jambo lenyewe. Tumechanganyikiwa, na tunakuletea mchanganyiko huo jinsi ulivyo.

Mwenzetu Chemutai ni binti wa huyuhuyu Mzee Aron. Alimaliza chuo cha ualimu akiwa wa kwanza katika hesabu, akapangiwa shule Thailand. Tukamwandalia hafla ya kumuaga. Mbuzi, nyimbo, hotuba, na kibuyu. Baba yake alimnunulia sanduku na sweta nzito ya sufu. Velma akamwambia, "Mzee, Thailand ni joto, kule watu wanatoka jasho wakiwa wameketi." Mzee akasema, "Ng'ambo ni ng'ambo." Sweta ikaingia sandukuni.

Akafika Nairobi. Kabla hajapanda ndege, shule ile ikapiga simu: mafuriko yamekuja mjini kwao, wamesogeza mbele kufungua, angoje. Akarudi.

Mara ya pili tulimuaga tena, kwa maana safari ni mpya. Tiketi ilisema Jumatano, dakika arobaini baada ya saa sita usiku. Sasa, Mama, sisi usiku wa Jumatano tunaujua. Ni ule unaokuja baada ya mchana wa Jumatano, ng'ombe wakishakamuliwa. Tukampeleka uwanja wa ndege usiku wa Jumatano, gari zima tukiimba. Kumbe ndege ilikuwa imeondoka usiku uliotangulia, ule ambao hapa Tebeswet kila mtu anauita usiku wa Jumanne. Ndani ya lile gari tulikuwa na diploma nne na digrii mbili. Hakuna hata mmoja aliyeshtuka.

Mara ya tatu simu ilikuja wakati hema la kumuaga bado limesimama na yeye ameshakunywa: shule ile imechoka kungoja, imempata mwalimu mwingine.

Sasa sikia kosa letu. Mara mbili za kwanza alirudi alfajiri, akapita nyuma, katikati ya majani ya chai, akaingia kwa mlango wa jikoni. Aliona haya, na sisi tuliona huruma, tukanyamaza. Mara ya tatu hata nyumbani hakuwa ametoka, basi nani angempokea? Mzee Aron ametuomba risala hii isitumie neno "aibu". Tumetii, isipokuwa hapa.

Kwa hiyo Chemutai ameagwa mara tatu na hajapokelewa hata mara moja. Na watu wa hapa, bila kikao na bila mtu yeyote kuamua, wamemchukulia kuwa ameenda.

Kitanda chake alipewa binamu. Sehemu yake ya majani inachumwa na mke wa kaka yake. Kwaya iliziba nafasi yake. Yeye analala kwenye nyumba ya walimu, na akienda kusalimia nyumbani, baba yake anatoka nje na kumletea kiti, kile kizuri, cha wageni. Pale stendi vijana wa bodaboda wanamwita: "Madam Thailand! Leo ni airport ama ni posho mill?" Mama muuza nyanya anamwambia machoni pake, "Chemutai, ukirudi usinisahau na kitambaa." Anasema, "Nitakuletea, Mama." Afanye nini?

Kanisani ndiko kulitushinda. Kila Jumapili pasta huwaombea walio mbali: "Hasa dada yetu Chemutai, Bwana amlinde huko aliko." Na Chemutai yuko pale, benchi la tatu upande wa dirisha, anasema amina. Siku moja alimngoja mlangoni.

"Pasta, mimi si niko hapa?"

"Najua, binti. Nakuona."

"Sasa mbona unaniombea kama niko huko?"

"Nikilitoa jina lako lazima nitangaze umerudi. Nani alikupokea?"

  Jumapili iliyofuata pasta akamwombea tena, safari hii kwa kirefu.

Hayo yote Chemutai aliyabeba kwa kicheko. Lililomshinda ni dogo. Kulikuwa na matanga kwa jirani, na wanawake walikuwa nyuma ya nyumba wakimenya viazi. Akaingia, akainama kuchukua kisu kama ambavyo angefanya siku yoyote ya maisha yake. Shangazi mmoja akakiondoa polepole, kwa upendo kabisa, akamwambia, "Wacha, mama. Wewe ni wa safari. Kaa tukuletee chai." Wakamletea. Aliinywa yote. Kisha akaenda nyuma ya choo cha shule akalia mpaka kengele ikalia. Kunyimwa Thailand hakukumliza. Kunyimwa kisu cha viazi kulimliza.

Tusisahau kwamba wakati huo wote anafanya kazi. Safari ilipovunjika mara ya tatu mwalimu mkuu alimwomba amshikie gredi ya sita siku mbili tatu, na karibu mwaka umeisha. Watoto waliokuwa wakizikimbia sehemu katika hesabu sasa wanagawana chapati kwa sehemu na wanapelekana kwa mwalimu wakidanganyana. Jumamosi anafundisha watoto wa wachuma majani ambao wazazi wao wanahamahama wakifuata kazi, wale wanaofika katikati ya muhula na kuondoka kabla ya mtihani. Anawaanzishia palepale walipoachia, kila mmoja na pake. Kama hiyo si huduma kwa jamii, basi hatujui huduma ni nini na tunaomba tuonyeshwe.

Na kweli tuliuliza. Tulipiga simu ofisi ya Mfuko, Mama, ofisi yako pale Bomet mjini, simu ikiwa kwenye spika na sisi tumeizunguka kama moto. Ofisa alikuwa mpole. Hatumlaumu.

"Madam Chemutai, ulirudi lini?"

"Sikuenda."

"Basi hujarudi."

"Lakini niko."

"Uko wapi?"

"Tebeswet. Gredi ya sita. Nimesimama mbele ya ubao."

"Hiyo ni vizuri sana, lakini si huduma. Huduma huanza mtu akirudi kutoka ng'ambo. Wewe kwetu uko hatua ya ng'ambo."

"Niko hatua ya ng'ambo, na niko Tebeswet?"

"Ndiyo. Nikusaidie na nini kingine?"

Tukakata simu. Ogeto akasema labda ofisi haijaelewa. Moureen, mweka hazina wetu, akasema labda sisi ndio hatujaelewa. Kipchirchir, mwenzetu mwingine, akauliza kama kuna mtu amebakisha mandazi.

Halafu, mwezi huu, mambo mawili yakaja pamoja. Shule ya Thailand imeita tena. Yule mwalimu mwingine ameondoka na wanamtaka Chemutai. Na bodi ya shule ya Tebeswet imesema ina nafasi, nayo inamtaka Chemutai. Wote wawili wanataka jibu kabla shule hazijafungwa. Tebeswet hawawezi kumwajiri mpaka Mfuko useme amemaliza huduma, na Mfuko unasema hajaianza. Thailand hawezi kwenda bila kuagwa, kwa sababu ni binti wa hapa na hataondoka kama mwizi. Basi tukaenda kuomba aagwe mara ya nne.

Tulimwendea Senge Tapkigen, dada ya Mzee Aron, shangazi yake Chemutai, ambaye ndiye hushika kibuyu. Alikuwa anachambua maharagwe. Hakuinua macho.

"Nyinyi mmesoma, si ndio?"

"Tumesoma, Senge."

"Kutoa na kujumlisha mnajua?"

"Tunajua."

"Huyu mtoto tumemtoa mara tatu. Tumemrudisha mara ngapi?"

Akatoa kijiwe kwenye maharagwe, akakitupa.

"Mimi siwezi kuaga mtu ambaye bado yuko njiani. Nitamwambia nenda, aende wapi, na hajamaliza kwenda?"

Moureen akajaribu: "Basi umpokee kwanza, Senge."

"Mimi ndiye nilimtuma? Mimi nilitoa maziwa. Aliyemtuma ni huyo Mfuko wenu. Mwenye kutuma aje asimame kwa geti, amshike mkono. Mimi nitaimba. Sauti bado ninayo." Kisha akaongeza, "Na hayo maharagwe msiyakanyage."

Tulitoka pale tumechanganyikiwa zaidi. Ofisi ya mjini na Senge hawajawahi kuonana. Mmoja ana kompyuta, mwingine ana kibuyu. Na wote wawili wametwambia kitu kimoja: hajarudi.

TUNAPOGONGANA SISI WENYEWE

Hapa, Mama, ndipo kura zililingana.

Moureen anasema Chemutai aende. "Mara tatu amefika mlangoni," anasema. "Akibaki sasa, wasichana wa hapa watasema mlango ule haufunguki kwa mtu wa Tebeswet." Kipchirchir, ambaye anamsaidia lile darasa la Jumamosi, anasema abaki. "Wale watoto wameachwa na kila mtu. Na yeye awaache?" Moureen akamwambia Kipchirchir kwamba hajali watoto, anamjali Chemutai. Kipchirchir akasema hilo halimo kwenye ajenda. Tukaahirisha kikao.

Tuliporudi, katibu alikuwa ameandika risala mbili. Moja inaomba apewe tiketi, nyingine inaomba aachiwe hapa. Zote zilikuwa nzuri, zote zilimtoa Velma machozi. Tukamwita Chemutai achague moja.

Alizisoma taratibu, kama mwalimu anayesahihisha. Akaturudishia.

"Mnaniombea niende, na sijui kama nataka kwenda. Mnaniombea nibaki, na sijui kama nataka kubaki. Nikilala nawaza hivi, nikiamka nawaza vile. Mtu aliye njiani atajuaje anataka nini? Anataka kufika tu. Msiniombee kwenda. Msiniombee kubaki. Niombeeni nifike, halafu nitaamua nikiwa kwetu."

Hakuna aliyebishana. Kwa kikundi chetu, Mama, hilo halijawahi kutokea.

MAOMBI

Tuna maombi, na tumejitahidi yawe machache.

Tunaomba Bodi iutazame upya utaratibu wa chuo, ng'ambo, nyumbani. Hatusemi uondolewe. Tunasema tu kwamba maisha hayakuja kwenye kikao mlipoupanga. Huduma aliyoifanya mtu kabla ya kusafiri ihesabiwe huduma, maana mtoto aliyefundishwa sehemu hajali mwalimu wake ametoka Thailand au ametoka jikoni.

Tunaomba pia kwamba kuanzia sasa asiagwe mtu yeyote mpaka tiketi yake isomwe na watu wawili, mmoja wao awe amewahi kupanda ndege ya usiku. Ombi hili ni kwa Bodi, na ni kwetu sisi wenyewe, na ni kwa dereva wetu.

Kuhusu barabara hatutasema kitu. Umeiona, nayo imekuona.

Tunaomba ofisi iruhusiwe kupokea jibu la tatu. Leo mtu kwenu ni aliyekwenda au aliyerudi. Kuna watu wengi katikati, Mama, na si Chemutai peke yake. Wako waliofukuzwa nyumba za mashamba ambako walizaliwa, wakifika kwa babu zao wanaulizwa wametoka wapi. Msomaji wenu ni mmoja wao. Hasemi zaidi, kwa sababu leo si zamu yake.

Ombi letu la mwisho si la kupeleka kwenye Bodi. Ni la wewe, na ni la sasa.

Pengine umekiona kile kiti kitupu kati ya Velma na Ogeto. Mtu wake hajachelewa. Yupo. Amesimama nje ya lango la kituo tangu gari lako lilipoingia. Umempita, ukampungia mkono, ukadhani ni mwanakijiji anayetazama wageni. Ana sanduku. Ndani mna sweta moja ambayo haijawahi kuvaliwa. Sisi ndio tuliomwambia asiingie, na ameturuhusu tuseme haya yote mbele yenu.

Wewe ndiye Mfuko, Mama Elmina. Saini yako ndiyo iliyomtuma mara zote tatu. Tunajua kwenu hamna desturi hii ya kibuyu, na Velma yuko tayari kukufundisha namna ya kukishika bila kumwaga. Senge Tapkigen ameketi pale mbele na kibuyu miguuni, sinendet amekata asubuhi, bado mbichi. Mzee Aron hajatwambia anaonaje. Lakini leo amekuja bila kile kiti cha wageni, na tangu tuanze kusoma hajaacha kutazama lango.

Ukimpokea, pasta atafuta jina lake kwenye maombi ya wasafiri. Wanawake watampa kisu. Ofisi yako itaandika kwamba amerudi, na itakuwa kweli. Kesho atachagua, Thailand au Tebeswet, na sisi tutamuaga au tutampisha aingie darasani, na Moureen na Kipchirchir watatafuta kitu kingine cha kubishania. Atakachochagua hatukijui. Hata yeye hakijui. Kwa mara ya kwanza mwaka huu, kutokujua huko hakututishi.

BARAKA

Kwa desturi, risala ikiisha watu hupiga makofi na mgeni rasmi hukaribishwa azungumze. Leo tunaomba msamaha kwa itifaki. Hatutapiga makofi, na kipaza sauti tumekizima. Tutasimama tu, na tutakuachia njia katikati, kuanzia hapo ulipoketi mpaka langoni.

Mungu akubariki, Mama, na hatua zako za kwenda huko. Awabariki waliotuwekea vikapu kando bila kujua mtoto atakayevila ni wa nani. Awabariki walio mbali, awabariki waliofika, na wale ambao hawajui wako upande gani, awaonyeshe mlango, na nyuma ya mlango awawekee mtu.

Ni sisi, wa foleni moja:

WANUFAIKA WA MFUKO WA MASOMO WA MAJANI MABICHI, TEBESWET,
sote, pamoja na mmoja aliye langoni.